Sauti za Mitaani Chini ya Mlima Meru

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana yake ni kuwa habari ya jambo huijua sawasawa yule aliyelipitia, na wengine husikia tu. Neno hili ni kweli katika sanaa kama lilivyo katika maisha. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, naye alimwachia binti yake wasia. Kabla yake, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga juu ya vita, mapenzi, biashara na mizaha ya barazani. Hapana leo anayewalaumu kwa kuyaokota maneno yao katika mambo ya kila siku. Lakini vijana wa Arusha walipofanya vivyo hivyo katika miaka ya 1990, watu wengi waliwaita wahuni. Yafaa basi kuitazama habari hiyo kwa utulivu.

Arusha ni mji uliokua kando ya boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900. Juu yake umesimama Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na katika miteremko yake Wameru na Waarusha hulima migomba na kahawa. Tambarare zilizo chini ni malisho ya Wamaasai. Mji huo uliupa jina Azimio la mwaka 1967, lililoahidi usawa. Na miaka thelathini baadaye ulikuwa mji wa watalii, wa mikutano ya mataifa, na wa wafanyabiashara wa tanzanaiti itokayo Mererani. Katika mitaa ya Ngarenaro, Kijenge na Unga Limited waliishi vijana walioyaona magari ya watalii yakipita kila siku, na utajiri uliomo ndani yake usiwafikie.

Muziki wa kufokafoka ulikwisha kuingia nchini wakati huo. Mwanzoni waimbaji waliiga Kiingereza cha Marekani, hata Saleh Jabir alipotoa mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili mwaka 1991, akaonyesha kwamba lugha hii yaweza kuubeba mtindo huo. Tangu mwaka 1994 redio za watu binafsi zikaanza kusikika, nazo zikawapa vijana njia ambayo hawakuwa nayo zamani. Mwaka 1996 likaundwa Arusha kundi la X Plastaz. Miongoni mwao walikuwamo Faza Nelly, Gsan na Ziggy Lah.

Msomaji asidhani kwamba vijana hawa walikwenda mbali kutafuta maudhui. Mojawapo ya nyimbo zao huitwa «Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki». Jina lenyewe ni swali, tena ni swali zito. Mwenye kushiba huliona kosa la maskini kabla hajaiona njaa yake. Naye aliye katika dhiki huuliza kama mizani ya dhambi ni moja kwa wote. Swali kama hilo haliulizwi na mtu aliyekaa mbali na shida akiitazama. Kadhalika kundi jingine la mji huo lilijiita Watengwa, na katika neno hilo moja mna historia nzima ya watu waliowekwa kando.

Baadaye Yamat Ole Meipuko, aitwaye Merege, alijiunga na X Plastaz. Yeye ni Mmaasai, na alileta uimbaji wa kwao. Katika uimbaji huo, kiongozi, ambaye kwa Kimaasai huitwa olaranyani, hutanguliza maneno, na wenziwe humwitikia kwa mngurumo mzito wa koo, pasipo ngoma. Sauti hiyo ikakutana na Kiswahili cha mitaani. Mwaka 2004 mkusanyo wao ulitolewa Ujerumani kwa jina la «Maasai Hip Hop».

Hapa pana hoja isiyofaa kukwepwa. Wengine walisema kwamba shuka nyekundu ilikuwa bidhaa tu, iliyouzwa kwa Wazungu kama ishara ya Afrika. Hoja hiyo ina ukweli wake, maana kundi lote halikuwa la Wamaasai, na msikilizaji wa ng'ambo huenda aliitazama shuka asilisikie swali. Hata hivyo, kosa la mnunuzi si kosa la mtunzi. Mmaasai aingiaye mjini na kukutana na mtoto wa Ngarenaro ni jambo la kila siku katika Arusha; nyimbo hizo ziliuhifadhi mkutano uliokuwapo tayari.

Upande mwingine wa mji, katika kijiji cha Imbaseni, Pete na Charlotte O'Neal walianzisha mwaka 1991 kituo kiitwacho United African Alliance Community Center. Wote wawili walikuwa wafuasi wa Black Panther huko Kansas City, wakafika Tanzania mwaka 1972 wakiwa wakimbizi wa siasa. Charlotte, ajulikanaye kama Mama C, ni mshairi na mchoraji, naye hupiga nyatiti, ala ya Wajaluo. Vijana wa miteremko ya Meru walijifunza hapo sanaa bila ada, na ugeni wa wenyeji wao ukawa fundisho kwamba maisha ya mtu, hata yakiwa ya uhamisho, ndiyo mtaji wake wa kwanza.

Faza Nelly aliuawa Arusha mwaka 2006, miaka miwili tu baada ya mkusanyo ule kutolewa. Mauti hayo yaliwakumbusha wasikilizaji kwamba ukali wa mitaani haukuwa pambo la nyimbo. Mwaka 2009 Gsan alighani Kiswahili katika tuzo za hip hop za BET huko Marekani, na sauti ya Arusha ikafika ilikotoka mbegu yake.

Mashairi ya Muyaka yalitufikia kwa sababu wako waliojitaabisha kuyaandika yangali vinywani mwa watu. Nyimbo nyingi za Arusha za miaka ya 1990 zilirekodiwa katika kanda za kaseti, na kanda huharibika. Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ni kuzikusanya, kuyaandika maneno yake, na kuwauliza watunzi wangali hai ni siku gani, na katika mtaa upi, neno fulani liliwajia. Maiti aijuaye adhabu hawezi kuulizwa. Hawa bado waweza kujibu.