Wachezaji wa kigeni katika soka la Tanzania

Wachezaji wa kigeni katika soka la Tanzania ni wanasoka wasio raia wanaosajiliwa na klabu za Ligi Kuu Bara kwa kikomo kinachowekwa na kanuni za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Mchango wao unaonekana zaidi katika klabu za Simba na Yanga: Mkongo Fiston Mayele aliiongoza Yanga kwa mabao hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Hoja kwamba wanadumaza wazawa haijathibitika, kwani timu ya taifa, Taifa Stars, ilifuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2019, 2023 na 2025 katika kipindi hichohicho.

Hata hivyo, nyota wa gharama kubwa hawawezi kuwa msingi wa ligi nzima, kwa kuwa klabu nyingi hazina uwezo wa kuwalipa. Klabu za jiji la Mwanza zinaonyesha njia nyingine. Pamba ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990 bila usajili wa aina hiyo. Mwaka 2017 Mbao FC, chini ya kocha Mrundi Étienne Ndayiragije, iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la FA, uwanja wa CCM Kirumba. Mbao ilishuka daraja mwaka 2020, lakini hilo halibatilishi hoja: utaalamu wa kigeni hufaa zaidi unapokuza vipaji vya nyumbani kuliko unapochukua nafasi ya vipaji hivyo.