Kitalu chenye jina

Mkulima wa Dodoma akisema "shamba langu la mizabibu", msikilizaji hahitaji kuuliza mwenyewe ni nani. Kwa sababu hiyo neno shamba halifai kutafsiria Einzellage ya Ujerumani wala Ried ya Austria, yaani eneo la mizabibu lenye jina na mipaka rasmi. Wehlener Sonnenuhr, mteremko mkali wa mawe ya sleti juu ya mto Mosel, unalimwa na familia nyingi, kila moja na mistari yake ya mizabibu, na zote huandika jina hilohilo kwenye chupa. Jina ni la ardhi.

Napendekeza kitalu chenye jina. Tanzania tumezoea kitalu cha uwindaji na kitalu cha gesi: eneo ambalo mamlaka imelipima, ikaliwekea mipaka na kuliingiza katika daftari. Watakaosema kitalu ni cha miche wana hoja, ndiyo maana nimeongeza "chenye jina".

Daftari hilo Wajerumani huliita Weinbergsrolle. Sheria ya mvinyo ya 1971 ilipunguza majina kutoka makumi ya maelfu hadi takriban 2,600, na kwa kawaida kitalu kikatakiwa kisipungue hekta 5. Vidogo vingi vikamezwa na majirani. Bernkasteler Doctor, chenye hekta 3 na ushei, kiliipata mipaka yake ya sasa baada ya mvutano mrefu mahakamani.

Sheria hiyohiyo ilizaa Grosslage, ambayo naiita kundi la vitalu, na hapo mnunuzi akafanyiwa kiinimacho. Piesporter Goldtröpfchen ni kitalu. Piesporter Michelsberg ni kundi linalokusanya mizabibu ya vijiji kadhaa. Kwenye lebo majina hayo mawili hayatofautiani kwa umbo: jina la kijiji lenye kiambishi -er, kisha jina la pili. Asiye na daftari atabahatisha tu. Kuanzia mavuno ya 2026 kundi linatakiwa kutanguliwa na neno Region, marekebisho yaliyochelewa nusu karne. Waaustria wamerahisisha mambo: tangu 2016 jina la kitalu hutanguliwa na neno Ried, kama Ried Heiligenstein ya Kamptal.

Anayethibitisha kitalu aanze na kijiji. Sonnenuhr iko Wehlen, na nyingine iko Zeltingen, kijiji cha jirani. Scharzhofberg ya bonde la Saar ni miongoni mwa vichache vinavyosimama bila kijiji. Na hata jina likithibitika, sheria ya Ujerumani inataka angalau asilimia 85 ya zabibu zitoke humo, si zote.

Kwa hiyo, mfasiri, tafsiri aina ya eneo na uliache jina lenyewe kama lilivyo, pamoja na kijiji chake. Ukiandika "Saa ya Jua ya Wehlen", msomaji wako hatakipata kitalu hicho katika daftari lolote.