Deni la Mteja, Mzigo wa Mtoto

Kwenye filamu za zamani za Marekani huwa anapita kijana fulani asubuhi: baiskeli, mkoba begani, gazeti linarushwa hadi barazani, mbwa anabweka. Inapendeza. Siku ya kukusanya doo ndiyo hatuonyeshwi.

Hesabu hiyo ilianza New York, 1833. Benjamin Day alianzisha gazeti la Sun akaliuza senti 1, wakati magazeti mengine mengi yaliuzwa senti 6. Kwa bei hiyo lazima uuze mengi, na kuuza mengi kunataka miguu. Akatumia watoto. Hawakuwa na mshahara: walinunua magazeti kwa bei ya jumla, wakayauza mitaani. Faida yako, hasara pia yako.

Vita vya Marekani na Uhispania vilipoanza 1898, kila mtu alitaka habari, na baadhi ya magazeti yakapandisha bei ya jumla kutoka senti 50 hadi 60 kwa nakala 100. Vita vikaisha. Joseph Pulitzer wa World na William Randolph Hearst wa Journal wakakataa kuteremsha. Julai 1899 watoto wakagoma kwa takriban wiki mbili. Bei haikushuka, lakini matajiri wakakubali kupokea nakala zilizobaki bila kuuzwa. Yaani watoto waliambulia kitu kikubwa kuliko senti 10: hasara ya gazeti lililododa haikuwa yao tena.

Lakini hasara ilirudi kwa mlango mwingine. Karne ya 20, watu wa mijini walipohamia vitongoji, mtoto alipewa njia yake ya nyumba kadhaa, na cheo: mfanyabiashara mdogo. Gazeti lilifika kwanza, pesa baadaye. Kwa hivyo ilibidi apite mlango kwa mlango na kadi za wateja, akitoboa tundu kwa kila wiki iliyolipwa. Huyu anasema rudi kesho. Yule anazima taa akisikia hodi. Mwingine amehama kimyakimya. Kampuni nayo inataka pesa yake yote. Deni la mtu mzima mwenye gari likawa la mtoto wa miaka 12.

Wenye magazeti walisema ati hiyo ni shule ya biashara. Na kweli watoto walijifunza kuhesabu, kuamka mapema na kuongea na watu wagumu. Lakini kumbe kile cheo kilikuwa na kazi nyingine: mfanyabiashara hana mwajiri, na asiye na mwajiri hana wa kumdai. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wauzaji magazeti wa Los Angeles, wengi wao watu wazima, walikuwa wafanyakazi wenye haki ya chama. Mwaka 1947 Bunge likabadilisha sheria, likawatoa wakandarasi huru. Na hadi leo, sheria ya taifa inayolinda watoto kazini haimhusu mtoto anayepeleka gazeti nyumbani kwa msomaji.

Hapa Nairobi gazeti limehamia kwa simu, lakini mtu wa kuleta vitu mlangoni bado yuko, amepanda pikipiki, na mara nyingi haitwi mfanyakazi. Anaitwa mshirika. Kabla ufurahie jina kama hilo, uliza tu: mteja akizima simu, nani analipa?