Ruaha Mkuu na Wadai Wake

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka kutoka Nyanda za Juu Kusini na kuingia uwanda wa Usangu, ambako inapunguza mbio, inatawanyika na kujaza ardhioevu ya Ihefu. Njia ya kutoka huko ni moja tu, Ng'iriama, na imekingwa na mwamba. Maji yakipanda juu ya mwamba, Ruaha Mkuu unaendelea na safari: unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera, unazungusha mitambo ya Kidatu na kwenda kuungana na Rufiji. Yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika hata kama Ihefu bado ina maji. Asiyeujua mwamba huo atapata taabu kuuelewa ugomvi wote uliofuata.

Wasangu wa enzi za watemi wao, akina Merere, walijulikana zaidi kwa ng'ombe na vita kuliko kwa mpunga. Kilimo cha majaruba kilishika kasi wakati wa ukoloni, na Wabaluchi waliohamia Usangu walikuwa miongoni mwa waliochimba mifereji ya mwanzo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa FAO walilipima bonde lote la Rufiji, na ripoti yao ikatoka mwaka 1961, mwaka wa uhuru. Kuanzia hapo kila idara ilichota fungu lake. Hifadhi ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na Mtera ikajengwa juu yake iwe ghala la maji yake. Miaka hiyohiyo shamba kubwa la mpunga la Mbarali liliandaliwa kwa msaada wa China; Kapunga na Madibira yakafuata. Sheria ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa taifa, na atakaye kuyatumia aombe haki ya maji. Maombi yakaja, haki zikatolewa. Hesabu ya kutoa ilikuwepo. Ya kujumlisha haikuonekana.

Mwaka 1993 mto ulikauka ndani ya hifadhi. Haukuwa mkasa wa mwaka mmoja, kwani kiangazi baada ya kiangazi viboko walibanana katika madimbwi yenye tope yaliyokuwa yakipungua. Miaka hiyohiyo bwawa la Mtera lilishuka na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Mambo mawili yaliyotokea pamoja yakachukuliwa kuwa jambo moja: Usangu inamaliza maji, ndiyo maana taa zinazimika. Maelezo hayo yalikuwa mepesi, na mepesi huenda mbali.

Wataalamu wa mradi wa SMUWC, uliofanya kazi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, waliona picha tofauti. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi yanayopita Ng'iriama ni kidogo mno kuweza kuamua kama Dar es Salaam itawaka au itazima, na namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa ilikuwa sehemu ya tatizo. Kwa wanyama, hata hivyo, hicho kidogo ndicho uhai. Wala ng'ombe hawakuonekana kuwa chanzo kikuu cha kukauka. Chanzo kilikuwa mabanio, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto kuingia mifereji, yaliyoachwa wazi miezi ya ukame, hata baada ya mpunga kuvunwa, maji yakipotelea mashambani na vichakani.

Na hapa pana kinaya. Mradi wa bonde uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1996 ulisaidia kubadilisha mabanio ya miti, majani na mawe kuwa ya zege. Banio la kienyeji lilivuja na kubomolewa na mafuriko, kwa hiyo jirani wa chini alipata chake bila kumwomba mtu. La zege halivuji. Juu yake ikawekwa ada ya maji, iliyokusudiwa kufundisha kubana matumizi. Lakini mkulima aliyekwisha kulipa anaona ana kila sababu ya kuchukua.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Njia iliyochaguliwa kufika huko haikupita kwenye mabanio. Mwaka 2006 wafugaji walianza kuondolewa Ihefu, Wasukuma na Wamang'ati wakiwamo, na mifugo mingi ikasukumwa hadi Lindi. Kisha Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, nayo hifadhi ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ng'ombe huonekana kwa mbali na huhamishwa kwa lori. Haki ya maji iliyo kwenye faili haihamishiki hivyo. Mwaka 2010 ukapita, mto ukaendelea kukatika.

Sheria mpya ya mwaka 2009 ilipanga foleni: kwanza maji ya watu majumbani, pili mazingira, ndipo kilimo, umeme na vingine. Funzo la kuweka mazingira juu hivyo lilikuwa limeshapatikana Kihansi, ndani ya bonde hilihili la Rufiji. Mtambo wa umeme ulioanza mwaka 2000 ulipoyachukua maji ya maporomoko, chura mdogo aliyeishi kwa manyunyu yake alibaki pakavu. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wengine waliozalishwa Marekani wakarudishwa korongoni, kwenye manyunyu ya mabomba.

Utalii nao ulikuja na dai lake. Mradi wa REGROW, ulioidhinishwa mwaka 2017 kwa mkopo wa dola milioni 150, ulikusudia kufungua hifadhi za kusini na kuurudishia Ruaha maji. Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha malipo kufuatia malalamiko ya wanavijiji kuhusu ukatili na kunyimwa ardhi, na Novemba mradi ukafutwa.

Mwaka huohuo wa 2024 Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme. Maji yake mengi yanatoka Kilombero. Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu. Hoja ya umeme dhidi ya Usangu, iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo, imepungua zaidi. Linabaki swali la kiangazi. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikadiria kwamba ili mita za ujazo 0.5 kwa sekunde zivuke mwamba wa Ng'iriama, inabidi takriban 7 ziingie Ihefu, kwa sababu jua na matete vinachukua zinazobaki. Mita hizo zinapita kwenye mabanio ya Mbarali kabla ya kufika popote, na wenye vibali vya mabanio hayo wanafahamika kwa majina katika ofisi ya bonde.