UMEFUNGA TAIRI INCHI 35, LA SPEA UTALIWEKA WAPI? HISTORIA YAKE HII HAPA

Siku hizi ukipita mitandaoni hukosi picha ya 4x4 iliyoinuliwa, matairi yamefika mtu kifuani. Picha kali, hatukatai. Ila kuna kitu kwenye hizo picha watu hawakiulizi: la spea liko wapi?

Maana ukibadilisha manne ukaacha la tano lile dogo la kiwandani, siku ukipata pancha porini unafunga tairi fupi upande mmoja. Gari linalala, difu inateseka, na ukilazimisha 4x4 hapo unaweza kuua vyuma. Kwa hiyo la tano nalo lazima liwe kubwa. Haya, litakaa wapi? Swali hili lina historia ndefu, twende nayo taratibu.

Mwanzoni magari hayakubeba spea kabisa. Ukipata pancha unakaa chini barabarani, unaziba, unajaza upepo kwa mkono. Mwaka 1904 ndugu wawili wa mji wa Llanelli, Wales, wakaja na ringi ya ziada yenye tairi lililojaa upepo tayari. Unaibana pembeni ya gurudumu bovu, safari inaendelea. Wakaiita Stepney, jina la mtaa wa duka lao. Jina likasambaa mpaka leo India wanaita spea stepney, na Brazil wanasema estepe.

Ikaja vita kuu ya pili na Jeep za jeshi la Marekani. Zile zilibeba spea nyuma, imesimama wima, pembeni yake dumu la mafuta. Mwanajeshi hakuwa na shida na mlango wa nyuma, alirukia pembeni. Na tairi lenyewe lilikuwa dogo, kimo chake inchi 28 hivi.

Vita ilipoisha 1945, Jeep ikauzwa kwa raia kama CJ-2A. Hapo mambo yakabadilika. Mkulima anataka kupakia magunia kwa nyuma, kwa hiyo wakaweka mlango wa kushusha. Spea ikahamishiwa ubavuni.

Uingereza nako, bosi mmoja wa uhandisi wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya vita shambani kwake kisiwa cha Anglesey. Akaona kampuni yake itengeneze ya kwao. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Spea yake ilikaa ndani nyuma ya viti au juu ya boneti, na ile ya boneti ndiyo ikawa sura ya Land Rover kwa miaka mingi, hata hizi za kwetu. Nyuma kunabaki wazi kwa mzigo. Ubaya wake ni kwamba kila ukitaka kuangalia injini unanyanyua boneti na tairi kwa pamoja. Na ukiweka tairi kubwa pale, dereva mfupi haoni mbele.

Umeona hapo? Mahali pa spea panakuambia gari lilitengenezwa kwa ajili ya nani. Mwanajeshi nyuma, mkulima ubavuni au juu ya boneti. Zikaja za familia, yaani watu wanataka buti kubwa na gari lenye sura ya kistaarabu. Land Cruiser kubwa kama 100 na 200 zikaning'iniza spea chini ya tumbo. Nyingine kama Mercedes G ya 1979 na Discovery ya 1989 zikaibeba kwenye mlango wa nyuma. Hizo Discovery ndizo zilizopasua matope kutoka Dar mpaka Bujumbura kwenye mashindano ya Camel Trophy ya 1991.

Sehemu zote hizo zilipimwa kwa tairi la kiwandani. Wewe ukija na inchi 35, tairi na ringi yake vinaweza kuvuka kilo 40. Chini ya tumbo haliingii, linagonga ekzosi. Hata likiingia, linaning'inia na kugusa ardhi ukipanda korongo. Mlangoni linaingia, lakini bawaba zinalegea, mlango unashuka, na mwishowe bati linapasuka kwa mtikisiko wa rafu rodi. Hata viwandani wanalijua hilo: Wrangler ya 2021 iliyotoka na inchi 35 ilibidi iimarishiwe bawaba za mlango.

Wengi wanakimbilia juu ya keria. Ndugu yangu, hapo fikiria vizuri. Uzito wote unakaa juu kabisa, na kwenye mteremko wa pembeni ndio unaokuvuta kupinduka. Halafu nani atalishusha? Kilo 40 kutoka kichwani, usiku, kwenye tope, uko na mama watoto tu. Hapo ndipo watu wanavunjika migongo.

Mafundi wengi wa magari ya porini jibu lao ni lile lile la mwanajeshi, nyuma, ila safari hii tairi halishikwi na mlango. Unatengenezewa bampa la chuma lililofungwa kwenye chesisi, lina mkono unaozunguka kwa beringi na komeo la kubana. Uzito unabebwa na chesisi, mlango unabaki na kazi yake ya kufunguka. Gharama yake ipo: unafungua mara mbili kila ukitaka mzigo, gari linaongezeka urefu, springi za nyuma zinabeba zaidi, na komeo bovu litapiga kelele mpaka ujute. Hakikisha pia taa na namba hazifichwi.

Kwa hiyo kabla hujalipia yale manne, piga hesabu ya la tano na mahali pake. Kama pesa haitoshi vyote, bora tairi dogo kidogo lenye spea inayolingana kuliko kubwa la picha lisilo na mwenzake. Porini hakuna anayekuja kulaiki.

Wewe la kwako liko wapi: mlangoni, kwenye keria, au limebaki nyumbani? Funguka hapo chini kwenye komenti.