Akiba za Baba, Upatu wa Mama

Ofisini kwetu, mtaa wa Samora, Dar es Salaam, mshahara ukishaingia mazungumzo ya vijana ni vipande vya mfuko wa uwekezaji wa UTT, hatifungani na bei za hisa. Huwa haupiti muda kabla mtu hajasema kwamba wazazi wetu hawakuwa na elimu ya fedha, ndiyo maana wengi walistaafu mikono mitupu. Kauli hiyo inaniuma kwa sababu si kweli. Wazee wale walijua kujibana kuliko sisi. Walichokosa ni mahali pa kuiweka fedha ikazaa.

Baba alikuwa afisa kilimo huko Mpwapwa. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5, 1967, masharti ya uongozi hayakuishia kwa mawaziri. Yaliwashukia pia watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, pamoja na wake na waume zao: hakuna hisa katika kampuni, hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba ya kupangisha. Leo hayo yaliyokatazwa ndiyo tunayohimizwa kwenye semina tuyafanye tukingali vijana. Naielewa hofu ya Mwalimu Nyerere. Aliona wenye vyeo wakianza kujilimbikizia mali nchi ikiwa bado changa, na naamini aliona sawasawa. Ila mtumishi mwaminifu wa wilayani aliyeyatii masharti alibaki na mshahara wake na kitabu cha akiba cha Posta.

Kitabu hicho tunacho hadi leo. Kila mstari una tarehe, kiasi kilichoandikwa kwa wino na muhuri wa duara, mwezi baada ya mwezi, hata ile miezi ambayo mama anakumbuka tulikunywa uji bila sukari. Kisha ikaja miaka ya themanini. Bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na ndani ya mwaka 1986 peke yake dola ilitoka kama shilingi 17 ikavuka 50. Akiba ya ujana wake wote ikaishiwa thamani ndani ya kitabu, hakuna aliyeigusa. Mtu aliyepitia hayo usimwambie hakuwa na nidhamu.

Mama, mwalimu wa shule ya msingi, aliokolewa na upatu. Mwisho wa mwezi kila mwalimu alitoa kiasi kilekile, mmoja akapokea zote, na siku hiyohiyo akaenda dukani kununua bati, godoro au cherehani kabla bei haijapanda tena. Upatu hauna riba, lakini bati halipungui thamani kama noti. Mwenye hasara alikuwa anayepokea mwisho, kwa hiyo zamu zilizungumzwa kwa makini mno: aliyefiwa au aliyeezuliwa nyumba alitangulizwa, na aliyepokea wa mwisho safari hii alianza safari ijayo. Sijaona semina inayofundisha haki ya namna ile.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti. Hata hivyo, ruhusa bila soko haina faida, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 15, 1998, likiwa na hisa za kampuni moja tu, TOL. Mtumishi aliyeajiriwa miaka ya sitini alikuwa anaelekea kustaafu. Hisa zilizowafikia watu wa kawaida kwa wingi zilikuja baadaye: benki ya NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600, benki ya CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Kwa hiyo sisi tunaokata sehemu ya mshahara kununua vipande kabla ya kulipa kodi ya nyumba ni karibu kizazi cha kwanza kupata nafasi hiyo tangu siku ya kwanza ya ajira.

Baba alinunua hisa za CRDB mwaka huo wa 2009, kwa fedha ya kiinua mgongo iliyosalia. Nilikwenda naye. Alijaza fomu kwa mwandiko wake wa kiofisi, kisha akamuuliza karani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtumishi mstaafu anaruhusiwa. Karani, binti wa rika langu, hakuelewa swali lilitoka wapi. Gawio likiingia, mama hulichukua akanunulia hisa kwenye kikoba chake.