Kitufe Kinachosubiri Amri: Historia Fupi ya Fokasi katika Simu, kwa Kuitazama kutoka Kyambogo

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana dogo: miongoni mwa vitufe vilivyomo kwenye skrini, ni kipi kinachosubiri amri ya mtumiaji kwa wakati fulani. Wasanidi programu huiita hali hiyo fokasi. Kwa mtu anayeona, ni mstari tu unaozunguka kitufe. Kwa asiyeona, ndiyo njia ya kujua yuko wapi.

Chuo Kikuu cha Kyambogo, jijini Kampala, kilianzishwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu: chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Hivyo mafundi na walimu wa wasioona walijikuta chini ya uongozi mmoja, miaka michache kabla ya simu kugeuka kuwa pochi.

Simu za vitufe zilikuwa na fokasi ya kuaminika. Uteuzi ulisogea mstari kwa mstari, na kinundu kilicho juu ya namba 5 kiliongoza kidole. MTN ilipoanzisha huduma ya fedha kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, huduma hiyo ilitumia menyu. Asiyeona aliweza kuukariri mpangilio wake, ijapokuwa majibu yaliyoandikwa bado yalihitaji jicho la mtu mwingine, na pengine siri ya mwenye fedha ikaenda nalo.

Kioo laini kilikiondoa kinundu. Katika Android, mtumiaji anapogusa skrini, vitufe vya kawaida havishiki fokasi ya ingizo. Msanidi anayekilazimisha kitufe kuishika huzua kero nyingine: mguso wa kwanza huleta fokasi tu, na wa pili ndio unaotekeleza amri. Kisoma-skrini cha TalkBack, kilichokuja mwaka 2009, kina fokasi yake, tofauti na hiyo; na tangu Android 4.0 ya mwaka 2011 kidole kinaweza kuipapasa skrini huku sauti ikitaja kilichoguswa. Mambo mawili yakabeba jina moja, nami naona mkanganyiko huo haujapewa uzito unaostahili.

Tuchukue skrini ya kutuma fedha. Ikifunguka na fokasi ikapelekwa moja kwa moja kwenye “Thibitisha”, sauti yaweza kukitaja kitufe hicho kwanza, huku jina la mpokeaji na kiasi, vilivyoandikwa juu yake, vikiachwa nyuma. Mwenye macho huviona vyote kwa mara moja. Asiyeona hugonga mara mbili, na fedha zimekwenda.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Sheria yake ya mwaka 2006 ikafuatwa na nyingine mwaka 2020. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, toleo la 2008, ulikwisha kudai fokasi ifuate mpangilio wenye maana. Afisa manunuzi hahitaji kuwa msanidi ili alidai hilo katika zabuni: skrini izimwe mwanga, kisoma-skrini kiwashwe, na mtumiaji asiyeona atume fedha mwenyewe, akiwa amesikia jina na kiasi kabla ya kukifikia kitufe.